Majani Manne ya Lori la Pujini

Marehemu mume wangu, Nassor Mbarouk, hakufuga jini. Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana posa ya mjukuu wetu ilirudishwa, na mshenga, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alishindwa kunitazama usoni aliponitajia sababu.

"Ni lile la gari, Mwalimu," alisema. "Wazee wa kule hawajalisahau."

Gari lenyewe lilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye gari amezikwa Micheweni tangu mwaka 2009. Neno lingali linatembea, na sasa limemfikia mtoto ambaye hakuwahi hata kulipanda.

Nassor alizaliwa kwa watu wa shamba. Babu yake aliletwa kutoka bara, na jambo hilo hakulificha wala hakulionea haya. Baada ya Mapinduzi baba yake alipewa eka tatu za karafuu upande wa Chake Chake. Mzee Mbarouk alizitunza mpaka waliokuwa wakimwita kwa jina tupu wakaanza kumwita Mzee. Mimi nilizaliwa Madungu, kwa watu waliojihesabu kuwa ni watu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nilipokubali kuolewa na dereva, na ndugu zangu walininunia mwaka mzima. Niliwaambia: mtamjua. Nikajipa kazi ya kuhakikisha wanamjua.

Nilipopangiwa kusomesha Micheweni, Nassor alihamia nami. Mwaka 1992 alinunua mnadani landrova kuukuu yenye sehemu ya mzigo nyuma. Asubuhi ilichukua marobota ya mwani mkavu kutoka ufukweni hadi ghalani Wete. Mchana ilirudi na abiria. Na wakati wowote ilichukua mgonjwa, maiti au bibi harusi, na kwa mgonjwa na maiti Nassor hakupokea hata chupa ya soda. Njia ya kule ilikuwa mawe matupu, mawe ya matumbawe yenye meno. Kwa mzigo wa mwani na mawe yale, springi za nyuma zililala. Mbele gari lilitazama juu, nyuma lilikaribia kugusa ardhi.

Siku moja tulisimama Madungu kwa ndugu zangu, gari limejaa. Kaka yangu Soud alilizunguka, mikono mgongoni.

"Shemeji," alisema, "gari lako limechutama. Lina haja, au limechoka tu?"

Wote barazani wakacheka. Nassor naye akacheka, tena kwa moyo.

"Limekula mwani mwingi, shemeji. Tumbo limelishika."

Mimi sikucheka.

Wiki ile ile tulikwenda gereji ya fundi Pandu, hapo hapo Madungu. Pandu aliingia chini ya gari, akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi, akachora mistari mitatu ya chaki sakafuni.

"Njia ya kwanza," alisema, "nnakutilia springi mpya kama zile zilizokuja na gari, na shokapu mpya. Litakwenda laini, lakini mwani upunguze. Ya pili, nnakuongezea majani mazito ya lori, hivi vyuma bapa vya springi, mawili kila upande. Litasimama, na ubebe utakacho. Likiwa tupu, utajuta."

"Na ya tatu?" Nassor aliuliza.

"Ya tatu ni hii." Aliupiga mstari wa mwisho kwa kidole. "Jani la msaada. Linakaa juu ya wenziwe bila ya kugusa kitu. Mzigo ukishuka, ndipo linapoamka. Gari likiwa tupu, limelala, huna habari nalo. Kwa ntu anayebeba mwani asubuhi na watu mchana, hili ndilo. Lakini hapa halipo. Tuagize Mombasa, miezi miwili."

Nassor aliutazama mstari wa tatu muda mrefu. Alikuwa hapendi haraka. "Miezi miwili si mingi," alisema.

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa baada ya wiki tatu. Gari letu ndilo lingembeba bibi harusi, mbele ya Madungu nzima. Nilisema, "Baba Siti, weka ya lori."

Pandu alinigeukia. "Mwalimu, majani ya lori hayajui kubembeleza. Yanajua uzito tu."

"Na watu wanajua kucheka," nilimjibu.

Nassor alinitazama, akamwambia Pandu, "Basi weka ya lori, fundi." Hivyo ndivyo ilivyochaguliwa. Nimeyaandika maneno yote kama yalivyosemwa, maana kwa miaka ishirini na zaidi watu wamesema Nassor alichagua, na yeye hakumsahihisha yeyote.

Majani yalipatikana Pujini, kwenye lori bovu lililokuwa limeota majani ya kweli kando ya shamba la muhogo, mwendo mdogo kutoka kwenye yale magofu ya ngome ya kale, ambayo watu husema yana majini. Manne. Pandu aliyakata na kuyafunga, gari likapanda juu kiganja kizima. Siku ya harusi lilisimama kama askari. Kaka Soud alilizunguka tena, safari hii hakusema kitu, na mimi nililala usingizi mzuri.

Mwatum alikuwa binti wa Bi Masika wa Kiuyu, kijiji cha jirani na Micheweni. Mimba yake ilikuwa ya pili, na uchungu ulimshika tangu alfajiri. Adhuhuri mkunga wa kijiji alisema apelekwe hospitali. Nassor alikuwa amerudi kutoka Wete, gari tupu. Walitandika godoro nyuma, wakamlaza, Bi Masika akakaa naye, wakashusha turubai kwa ajili ya stara. Nassor peke yake mbele.

Wasomaji wa hapa wanajua, lakini wajukuu waliokulia mjini hawajui: mwanamke wa kule, mbele ya mwanamume asiye wake, halii kwa uchungu wa kuzaa. Atauma kanga. Sauti yake ikimfika mwanamume mgeni, nyumba nzima imefedheheka. Nassor alijua hilo kama ajuavyo jina lake. Na bado, alivyoniambia, njia nzima alitega sikio. Dereva huendesha kwa sikio: abiria akiguna, unapunguza. Hakusikia hata mguno. Gari lilikuwa likiruka juu ya mawe kama meza, kwa sababu halikuwa na mzigo wa kuyalaza majani yale, na yeye akasema moyoni, kama hakuna anayelalamika, basi hapati tabu. Akakanyaga mafuta ili wawahi.

Mara mbili aliuliza kwa kidirisha, "Bi Masika, mko salama?"

"Salama. Twende," alijibiwa.

Walipofika kwenye lami Konde, akateremka kuangalia. Mwatum alikuwa amekwisha kufa, na kanga bado iko mdomoni.

Muuguzi mmoja alimwambia baadaye kwamba huenda damu ilianza kuvuja nyumbani, kwamba pengine asingewahi hata kwa gari la namna gani. Nassor alimshukuru. Hakumwamini.

Tangu siku ile alianza kusimamisha gari. Popote, mchana kweupe, abiria wamejaa. Anazima injini, anakaa, anatega sikio. Kisha anauliza kwa kidirisha, "Mpo?" Watu wanajibu, tupo, twende. Anauliza tena. Wakati mwingine anateremka, anafunua turubai, anawatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtu aliyepungua. Nyumbani, nikinyamaza nikisahihisha madaftari, ghafla ananiita jina. Nikiitika, anasema, "Basi, hamna kitu." Nilijifunza kugongagonga meza kwa kalamu nikifanya kazi, ili asinihofie.

Halafu likaja la jini. Walisema vyuma vya Pujini vimekuja na mwenyewe. Walisema Nassor alikwenda magofuni kutaka utajiri, akaambiwa atoe mtu, akamtoa Mwatum. Walisema akisimama njiani anaongea naye. Vyuma vya lori la mihogo!

Aliyang'oa majani yote manne. Aliliweka gari juu ya mawe uani, akamwambia Pandu aagize lile la tatu, akangoja miezi miwili bila ya kazi. Lilipokuja, kulifunga hakukumtosha. Haya yaliyofuata nilisimuliwa na Pandu mwenyewe, baada ya maziko, kwa sababu marehemu hakuniambia.

"Alitandika godoro nyuma," Pandu alisema. "Akalala. Akaniambia, fundi, endesha wewe, Kiuyu mpaka Konde, na usinionee huruma. Nkamwambia, Nassor, weye ntu nzima, watu watatuonaje? Akasema, watu washaona. Safari nne, Mwalimu. Kila safari tukifika anasema, bado. Nalegeza shokapu, natoa jani moja jembamba, nabadilisha bushi. Ya nne alikaa kule nyuma bila ya kutoka. Nkafunua turubai. Nkamkuta analia. Akasema, hii ingefaa."

Ingefaa. Lilikuwa gari laini kuliko yote yaliyokwenda Kaskazini miaka ile. Likiwa na mwani lilisimama wima, likiwa tupu ungeweza kunywa chai ndani yake. Na hakuna mgonjwa aliyelipanda tena. Mwani walimpa, abiria wazima walipanda, lakini mgonjwa alipita mlangoni kwetu amelazwa kwenye gari la ng'ombe, saa tatu za njia, huku landrova imesimama uani. Nassor alikuwa akisikia magurudumu ya mbao yakija, anatoka kibarazani, anawasalimu. Walimwitikia vizuri sana. Hakuna aliyesimama. Siku moja alimfuata mwenye ng'ombe hadi kwenye kona akimsihi, na mimi nikamwita arudi, kwa kuwa majirani walikuwa wanatazama.

Alikufa hivyo, taratibu, katika miaka kumi na mitano.

Posa iliporudi nilikwenda Kiuyu. Bi Masika yu hai, mzee sana, macho yamefunga ukungu lakini masikio mazima. Alinikaribisha ndani, akataka kujua ni nani.

"Mwanamize, Bi Masika. Mwalimu. Mke wa marehemu Nassor Mbarouk."

"Umechelewa," alisema.

"Nimekuja kukuomba useme neno moja. Waambie watu hakukuwa na jini. Wewe ulikuwamo garini. Wakilisikia kwako, litakwisha. Nina mjukuu."

"Na hiyo springi aliitia nani?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, si kwa hilo. Ningeweza kusema fundi. Ningeweza kusema mwenyewe, kama wanavyosema wote, na ningerudi nyumbani na nilichokifuata.

"Ni mimi," nilisema. "Yeye alitaka kungoja. Mimi nilikuwa na harusi."

"Harusi," alisema, kama anayeonja kitu.

"Naam."

"Basi keti vizuri, Mwalimu. Maana na mimi nna langu. Hilo la jini hukuwauliza watu limetoka wapi?"

"Watu wamesema."

"Watu ni miye. Nlilisema siku ya tatu ya matanga. Mume wa mwanangu aliniuliza, mama, kwa nini hamkugonga gari lisimame? Nilikuwa na mkono wangu hapa, kwenye bati, karibu na kichwa cha mumeo. Kugonga tu. Mwatum alinishika nguo, akasema, mama, n'asimamishe, nakufa. Miye nkamwambia, nyamaza, kuna ntu mume mbele. Sasa ningemjibu nini yule kijana? Nkasema, kulikuwa na kitu ndani ya gari, kilitushika mikono." Alivuta pumzi. "Lilikuwa jepesi kusema. Kisha likaenda lenyewe."

Nilikuja kulitakasa jina moja, na sasa mbele yangu yalikuwapo matatu, na langu halikuwa safi zaidi. Hasira ilinijia. Nikamwambia habari ya zile safari nne, kwamba Nassor alilala pale alipolala mwanawe, akapigwa na mawe yale yale, akitafuta gari ambalo lisingemwua. Nilisema kwa kumwumiza.

"Alilala?" aliuliza. "Alilala vipi?"

"Kwenye godoro. Fundi anasema kichwa upande wa dereva, ili waweze kusikilizana."

Bi Masika alitikisa kichwa. Alipapasa mkeka kwa kiganja. "Lala hapa."

"Bi Masika..."

"Lala, mwanangu. Sioni, nataka nikuoneshe."

Nililala kwenye mkeka wake, mimi niliye na miaka sabini, kwa buibui langu la kutembelea. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanigeuza taratibu mpaka miguu yangu ikawa upande ambao angekuwa dereva.

"Hivi. Kichwa kilikuwa nyuma, juu ya magurudumu. Nlimgeuza miye mwenyewe, ili hata akisema kitu kisifike mbele."

Kisha akaniwekea kiganja mdomoni, akakikandamiza. Kilikuwa kikavu, kizito. Nilivuta pumzi kwa pua. Sijui alikiweka muda gani. Nje watu walikuwa wanapita, wanazungumza habari ya bei ya samaki, na sikuweza kuwaita wala sikutaka.

Alipokiondoa, alikifuta kwenye kanga yake.

"Yaandike," alisema. "Langu na lako. La mumeo, hilo la kulala, liandike vizuri, herufi kubwa. Huyo nshenga akirudi, nletee nimsomee kwa mdomo."

Nimeyaandika. Mshenga bado hajarudi.