Insha ya chuo niliyoisimamia Muscat, na barua ya Dada Agnes kwa bintiye

Wakuu, salaam kutoka Muscat.

Haya nitakayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu yake ni kosa langu mwenyewe. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha yalivyo.

Mimi ni Mkenya, naishi mtaa wa Darsait. Asubuhi nafundisha Kiingereza kwenye kituo kimoja, alasiri nafundisha majumbani. Kazi inayotafutwa sana siku hizi ni ya insha za kuombea vyuo vya ng'ambo.

Kwa wasioijua: vyuo vingi vya Marekani haviangalii matokeo peke yake. Vinamtaka mwanafunzi aandike ukurasa mmoja hivi, ajieleze yeye ni nani. Watoto wengi hukwama hapo, na mzazi ndipo anapotafuta mtu kama mimi.

Kabla hamjaniuliza: siandiki hata sentensi moja. Nauliza maswali, mtoto anaandika mwenyewe. Na swali langu kubwa ni hili: nipe kitu kimoja kidogo ambacho wewe tu unakijua.

Msimu huu niliitwa na familia moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Waomani wenye asili ya Zanzibar. Nyumbani kwao Kiswahili na Kiarabu vinapishana ndani ya sentensi moja. Mama wa nyumba ni Bi Zuwena. Mwanafunzi wangu ni bintiye, Shamsa, miaka kumi na saba.

Wiki tatu nzima Shamsa aliniandikia mashindano ya debate na kusafisha ufuo. Kiingereza safi, lakini ungeweza kubadilisha jina lake ukaweka la mtoto yeyote.

Nikamwuliza, "Humu ndani nani anakujua kuliko wote?"

Hakufikiri. "Dada Agnes."

Dada Agnes ni mfanyakazi wa nyumba hiyo, Mkenya mwenzangu, kwao ni karibu na Voi. Alifika Muscat Shamsa hajatimiza miaka miwili. Basi Shamsa akaandika jinsi Dada Agnes anavyojua, kwa mlio tu wa ndala za mtoto ukumbini, kama mtihani umekwenda vizuri au vibaya.

Bi Zuwena alipoisoma draft hiyo alishtuka. "Mwalimu, hawa Wazungu si watasema mie sikumlea mwanangu?"

Dada Agnes alikuwa anaweka chai mezani. "Waambie wewe ulizaa, Mama Shamsa, mimi nikamalizia."

Bi Zuwena alicheka hadi akajifuta macho kwa mtandio. "Mwanamke huyu! Haya, iacheni. Nna nini mie cha kuficha?"

Insha ikatumwa. Tukabaki na insha fupi fupi za vyuo vingine.

Alhamisi moja Shamsa alichelewa njiani. Dada Agnes akavuta kiti akakaa mbele yangu. Miezi yote ile sikuwa nimemwona ameketi kwenye meza ile.

"Mwalimu, na mimi nifanyie kama Shamsa. Niulize maswali. Nataka kumwandikia Faith."

Faith ni bintiye wa pekee. Yeye na Shamsa wamezaliwa mwaka mmoja. Dada Agnes alimwacha kwa mama yake mzazi, na kila baada ya miaka miwili huenda likizo ya mwezi mmoja. Tangu Faith amalize Form Four, hapokei simu ya mamake wala hajibu meseji. Dada Agnes hakutaka makubwa. Alitaka mtoto aseme naye.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwuliza swali langu la kazini bila kufikiri.

"Nipe kitu kimoja kidogo cha Faith, ambacho wewe tu unakijua."

Alitabasamu. "Akiwa na homa hataki umguse kichwa. Mshike nyayo, ndipo analala."

Kisha tabasamu likaondoka. "La. Huyo ni Shamsa."

"Jaribu kingine, dada."

"Anaogopa lifti. Mpaka leo lazima nimshike..." Akajiziba mdomo. Kijijini kwao hakuna lifti.

Nilitaka tuache. Yeye hakutaka.

"Ana kovu hapa kidevuni," akasema. "Hilo ni lake Faith."

"Alilipataje?"

"Sijui. Nilikwenda likizo nikalikuta."

Wakuu, nimekaa na wanafunzi wengi wakilia kwenye meza za namna ile. Dada Agnes hakulia. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, mara mbili, tatu, na hakikuwa na mkunjo.

Nikamwambia, basi usimwandikie unachokijua. Mwulize. Akaandika kwenye simu, polepole, akinisomea kila neno:

"Faith mwanangu, ni mama. Kuna mengi yako siyajui, na si kosa lako. Kovu la kidevuni ulilipataje? Nataka kujua."

Jibu lilikuja siku ya tano. Nilipofika alinionyesha simu akiwa mlangoni, vidole vina unga.

"Muulize mama. Yeye ndiye alinipeleka hospitali."

Mama anayetajwa hapo ni nyanya yake. Ndivyo Faith anavyomwita tangu aanze kusema, na hilo Dada Agnes alilijua siku zote. Ila alikuwa hajawahi kuletewa neno hilo yeye mwenyewe, kwa maandishi.

"Si amejibu lakini, mwalimu?" akaniambia. "Si amejibu?"

Nikasema ndiyo, amejibu. Akarudi jikoni.

Nilichojifunza ni kwamba swali zuri si salama kwa kila mtu. Shamsa nilimpa swali akapata insha. Dada Agnes nilimpa lile lile, likamhesabia miaka kumi na tano mbele ya mgeni. Siku hizi nampima mtu kwanza kabla ya kumwuliza.

Lakini sikuja kujilaumu tu. Dada Agnes hajamjibu Faith bado. Ameniuliza amwandikie nini, na mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo hiyo nimelileta swali lake kwenu.

Humu najua wako waliolelewa na nyanya huku mama yuko Arabuni. Ninyi ndio ninaowauliza: siku zile, ni maneno gani kutoka kwake ungeyajibu?