Uzito Aliouchagua Dobi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Dobi aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote. Akachemsha chai, akakata mkate, akala kipande chake chote. Alimwambia mzee kola ya shati lake imechakaa, asithubutu kutoka nayo barabarani akamvunjia jina la kazi. Kisha akajitwika beseni la mashuka ya nyumba ya wageni, akapanda ngazi kwenda kuanika juu ya paa.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Mzee alibaki mezani akizihesabu kwa masikio. Zamani mkewe angesimama ya kumi na moja, ashike ukuta, apumue. Siku hiyo hakusimama. Mzee akasikia mlango wa paa ukifunguka, akaendelea na chai yake.

Alasiri kichwa kikamuuma mkewe. Jioni wakamfikisha hospitali. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikuwa ameshaondoka. Mshipa umepasuka kichwani, daktari alisema. Ndoa ya miaka arobaini na moja ikaishia hapo.

Siku ya pili ya msiba, dada wa mzee alikuwa ameketi chumbani na wanawake wenzake. Huyu dada hajapata kumeza neno tangu azaliwe. Mzee alikuwa mlangoni anavua viatu.

"Unene ule," dada alisema. "Tulisema mpaka tukachoka. Na kaka naye akamwachia."

 Mzee akavaa viatu vyake tena, akatoka.  Lakini neno lilimwingia likakaa, na mwezi mzima alilala nalo na kuamka nalo. Alimwachia mapema? Angeshikilia zile kilo sitini na mbili za kwenye kadi ya zahanati, mkewe angekuwa hai?

Mkewe alikuwa pande la mwanamke. Mabega mapana, mikono ya kukamua blanketi peke yake. Majirani walimwita Pasi. Walisema hakuna mkunjo uliomshinda, hata mumewe kamnyoosha. Yeye alicheka kuliko wao. Magoti yalipoanza kuuma ndipo kicheko kikapungua, maana kazi ya dobi ni kusimama kutwa, na goti bovu halimjui mteja.

Wakaenda zahanati. Kijana wa pale alimpima urefu, akampima uzito, akatazama karatasi iliyobandikwa ukutani, akaandika kwenye kadi: sitini na mbili. Ndiyo aifikie. Siku hiyo alikuwa na kilo tisini na saba.

Mzee shule hakwenda, lakini tarakimu alizijua. Miaka thelathini alipima magunia ghalani, na ghalani sheria ni moja: karatasi ikisema tisini, unachota mpaka mizani iseme tisini. Hubishani na karatasi, wala gunia huliulizi linajisikiaje. Basi sitini na mbili aliipokea hivyo hivyo. Kila Jumamosi alimpeleka mkewe ghalani. Mlinzi wa siku nyingi akawafungulia, mkewe akapanda juu ya mizani katikati ya magunia, mzee akasogeza kile chuma cha kupimia, akatamka tarakimu bila kumtazama usoni. Nyumbani akawa anachota sahani ya mkewe, anarudisha chakula sufuriani.

Miezi mitatu, kilo tisa zikatoka. Watu wakasifu. Ndani ya nyumba hali ilikuwa nyingine. Pasi akawa mkali. Utani ukaisha. Alikula kwa macho, akalala mapema ili asahau njaa. Alhamisi moja kizunguzungu kikampiga mezani pake pa kunyooshea nguo, pasi ikamwangukia mkononi. Ngozi ikatoka. Akakaa nyumbani wiki mbili, na katika wiki mbili hizo alikula kama nzige. Jumamosi mizani ikasema tisini na nne.

Mzee alikasirika. Alimwambia neno ambalo hata leo angelirudisha kama lingerudi, kwamba heri gunia, linasikia.  Mkewe alishuka kwenye mizani taratibu, akajifunga kitambaa chake kichwani, wakarudi nyumbani kila mmoja na upande wake wa barabara.

Kidonda kiliwarudisha zahanati. Safari hii walimkuta nesi mtu mzima, mwenye miwani. Alipokuwa akifunga mkono aliuliza ilikuwaje, na mzee akaeleza yote, ya ghala na ya sahani, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. Nesi akaisoma kadi. Akamuuliza dobi, tangu awe mtu mzima, akiwa na afya yake, uzito wake mdogo kabisa ulikuwa kilo ngapi.

Mume na mke wakatazamana. Walijua. Kabla hawajaoana, siku alipomletea chakula kazini, kijana yule wa mizani, ndiye mzee huyu, alimpandisha kwa mzaha. Sabini na nane. Na wakati huo alikuwa msichana wa kukimbia mlimani, hana nyama ya ziada hata ya kufinya.

Nesi akamwambia akizungushie kifundo cha mkono wake wa kushoto kidole gumba na cha kati. Vidole havikukutana. Nesi akakizungushia cha kwake, vikapishana.

"Mama, hiyo ni mifupa," alisema. "Mifupa haipungui kwa njaa."

Aliwaeleza kwamba karatasi ya ukutani imeandikwa kwa ajili ya watu wengi, haikumpima yeye. Atoe kilo tano kwanza, akae hapo, asikilize magoti. Uzito ambao mtu anaufikia kwa njaa na kuulinda kwa njaa si wake, utamtoroka tu. Akamwambia aende nyumbani, atafute mwenyewe tarakimu anayoweza kuishi nayo, kisha amletee aiandike.

Wakaenda hivyo mwaka na nusu. Walikula pamoja, sahani moja, mboga nyingi kuliko wali. Walipima mara moja kwa mwezi. Kuna wakati mizani iligoma kwenye tisini na moja miezi minne, na mzee akajifunza kufunga mdomo. Utani ukarudi kidogo kidogo. Mwezi mmoja kabla ya ile Jumanne ilisema themanini na tano, imebaki kilo moja.

Sasa mzee alirudi zahanati peke yake, kadi mfukoni. Alimuuliza nesi lile swali lake, moja kwa moja, akiwa bado amesimama. Nesi alivua miwani. Alisema mshipa ule huwapata na waliokonda kama ng'onda. Alisema kilo zilizotoka zilimfaa. Zaidi ya hapo asingeweza kuapa, maana hakuna wa kuyapima yasiyokuwa. Mzee akashukuru. Alitaka jibu zito kuliko hilo, akalipokea lilivyo.

Nyumbani alimkuta dada yake anakunja nguo za marehemu. Alikuwa amekamata gauni moja kwa mikono miwili, akilinyoosha mbele yake kuona upana. Akatikisa kichwa. Akaanza tena: laiti angesikia, laiti kaka angekaza.

Mzee akaketi kitandani. Safari hii alijibu. Alimwambia hakumwachia mtu. Mkewe alikuwa na akili zake na mwili wake, na tarakimu aliichagua mwenyewe, jioni ya siku ile walipotoka kwa nesi. Alikuwa amesimama jikoni, mkono umefungwa bendeji, anajipakulia. Mzee alimuuliza anataka ngapi. Alipakua kwanza, akaifunika sufuria, ndipo akasema:

"Themanini na nne naiweza, tena nikiwa nakula. Hiyo sitini na mbili ni ya mtu mwingine, mume wangu. Mwache mwenyewe aje aichukue."