Waya Mnene, Waya Mwembamba na Ng'ombe wa Kwaya

Vijana wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri, mzee anaongea. Nilianza kazi siku ya kwanza ya likizo, katika studio moja ya muziki pale Nengo. Patron, mwenye studio, alinipa cheo hapohapo: Mkuu wa Kukunja Nyaya. Wafanyakazi tulikuwa mimi na yeye.

Enzi zetu nyaya zilikuwa za aina mbili. Waya mwembamba, wa gitaa, una uzi mmoja wa sauti na ngao inayouzunguka. Mnene una nyuzi mbili ndani ya ngao, na wa pili unabeba sauti ileile ikiwa imepinduliwa. Kelele ikiingia njiani inazipata zote mbili sawasawa; mashine inaupindua tena ule wa pili, kelele zinauana, sauti inabaki.

Patron alipenda mwembamba. "Inapita chini ya mulango," alisema. "Mulango inafunga, kuku ya jirani hatuisikii."

Wiki ya mwisho ikashuka kwaya kutoka Mudende. Mwimbaji wao mkuu, Claudine, kesho yake alikuwa anakwenda kuolewa Goma. Wimbo usipopatikana leo, basi tena. Akaimba mpaka nikasahau njaa. Patron akawapigia rekodi waisikilize.

"Bon," akasema mama kiongozi wa kwaya, "ile ng'ombe inalia nyuma ya Claudine ni ya nani?"

Kweli: mmmmm, wimbo mzima. Ilikuwa friji ya jirani muuza maziwa. Waya wetu mwembamba ulipita ubavuni mwa waya wake wa umeme, ukanyonya kelele.

"Tumuombe azime," Patron akasema.

"Maziwa iharibike? Si ni sisi tunamuletea!" wakasema wamama wa kwaya.

Claudine akaanza kufuta macho.

"Patron," nikasema, "na ule munene?"

"Mulango haitafunga, we mutoto."

"Kuku inaimba mara moja moja, Patron. Friji haipumziki."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta barua ya kunifukuza, kisha akauleta. "Waya ya kinanda acha, ibaki ile membamba. Ni fupi, na sauti yake iko na nguvu." Wamama wakavua vitenge vya mabegani, wakaziba mwanya wa mlango. Claudine akarudia.

Tukasikiliza ubeti wa kwanza. Nyuma yake, kimya. Mama kiongozi akashusha pumzi: "Ng'ombe imeenda." Claudine akakaa chini sakafuni, akacheka na machozi yake.

Shule zikafunguliwa, nikastaafu. Juzi, pale mpakani, Petite Barrière, mama mmoja mwenye beseni la nyanya alikuwa anapiga wimbo ule kwenye simu. Nikasimama, nikatega sikio nyuma ya sauti ya Claudine. Ng'ombe hakuna. Nikapumua.

Ubeti wa pili, kuku.