Moyo Uliokufa Ganzi

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa surua akiwa ameanza kukimbia lakini bado ananyonya, na mimi sikulia. Ndivyo watu wa Nshamba walivyosema kwa miaka, na hawakusema uongo. Wanawake waliingia wakijitupa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakiomboleza, nami nikainuka kwenda kuangalia kama maji ya wageni yanatosha. Shangazi wa mume wangu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwana wao ameoa jiwe. Nilimsikia. Hata hilo halikuniuma.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza akiwa bado anatawala, na wenye mibuni wengi wakianza kuezeka bati. Mume wangu alikuwa mtu mpole, Mlutheri wa kila Jumapili, asiye na maneno mengi. Alipouza kahawa yake akaenda Bukoba, akaniletea kitambaa cha maua mekundu kutoka duka la Mhindi. Nikashukuru, nikakikunja, nikakiweka. Nilimwona alivyosimama akingoja niseme neno jingine. Sikuwa nalo.

Kazi nilifanya zote. Nilimenya ndizi, nikapalilia njugu kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi ambako sisi wanawake tulikuwa na vishamba vyetu. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka na kijiji kizima kikatoka alfajiri kwa shangwe, mimi niliwakusanya kama mtu anayeokota kuni.

Kisha nikazaa tena, mtoto wa kike. Nilimwogesha, nikamnyonyesha, nikamfunika vizuri. Lakini nilipomtazama usoni, nilikuwa kama ninayemtazama mtoto wa jirani. Hapo ndipo nilipojua kuwa ninaumwa, ila sikujua ugonjwa huo unaitwaje wala unasemwa kwa nani.

Aliyeanza kusema ni mama mkwe. Tulikuwa jikoni, mtoto amelala mapajani mwangu.

“Mwanangu,” alisema, “mtoto huyu unamshika kama mzigo wa watu.”

Nikainamisha kichwa. Akasogea karibu. “Sikugombezi. Nakuuliza. Una nini?”

“Mama, sisikii kitu. Si huzuni, si furaha. Tangu yule alipokufa.”

Nilitazamia anitajie mizimu, au mtu aliyeniroga, maana ndiyo yaliyokuwa maneno ya shangazi. Yeye alikoleza moto, kisha akasema, “Kesho twende Rubya.”

“Kwa Waroma?” Nilishangaa, kwa kuwa hakuwahi kupita mbele ya kanisa lao bila kukunja uso.

“Kwa Waroma. Wana hospitali. Mungu atatuvumilia.”

Tulikwenda kwa miguu, tukipokezana mtoto mgongoni. Aliyetupokea ni mtawa muuguzi, Mhaya mwenzetu, mwanamke mnene mwenye mikono ya joto. Alimpima mtoto, akasema hana tatizo. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza ninavyolala na ninavyokula. Mama mkwe akamweleza habari za yule wa kwanza, naye mtawa akauliza, “Yule aliyekufa, alipenda nini?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kwetu hawakumtaja mbele yangu, walidhani wananihurumia.

“Alipenda kufukuza kuku,” nikasema. “Aliwaita wote Bibi.”

Mama mkwe akaangua kicheko pale kwenye benchi, na kicheko kile kikageuka kilio. Mimi nilimtazama tu, macho makavu.

“Usijichukie,” mtawa akaniambia. “Moyo wako haujafa. Umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Damu ikianza kurudi utauma sana. Ukiuma, usikimbie.” Akamwambia mama mkwe asiniache peke yangu, na amtaje yule mtoto mara kwa mara. Mimi akaniagiza nirudi kuzungumza naye kila nitakapomleta binti kupimwa.

Njiani mama mkwe akaanza. Alinisimulia watoto wake mwenyewe aliowazika, jambo ambalo hata mume wangu hakulijua vema. Akanisimulia na wangu: alivyokula udongo, alivyoogopa ngurumo.

Halikutokea jambo wiki ile, wala iliyofuata. Kisha asubuhi moja tukipalilia njugu, mama mkwe akasema, “Angekuwa hapa, angezing'oa zote.” Nikakaa chini udongoni, nikalia mpaka nikakosa pumzi. Wanawake wa vishamba vya jirani waliweka majembe, wakaja kuketi nami. Shangazi alikuwa mmoja wao. Alinifuta kamasi kwa nguo yake.

Mtawa alisema kweli, iliuma. Niliumia miezi mingi, na siku nyingine ganzi ilirudi, nikaenda kwake tena tukazungumza. Siku moja nilimfokea mume wangu kwa sababu ya jembe lililoachwa mvuani. Akasimama akitabasamu kama mpumbavu. “Endelea,” akasema. “Nilikuwa nimeisahau sauti yako.”

Binti alipoanza kutambaa akapata homa kali. Nilimbeba nikakimbia naye Rubya, bila kumsubiri mtu, nikimwita jina njia nzima. Walimpa dawa, na jioni joto likapungua. Akafumbua macho, akanyoosha mkono, akanishika kidevu. Nilimbusu vidole vile kimoja kimoja, nikilia kwa sauti, na wagonjwa wote wodini wakinitazama.