Kanana Ahesabu Tena Watu Wake Korongoni

Saa moja asubuhi, Kanana Nderitu anasimama mwanzoni mwa njia na kuinua chupa za maji za wenzake moja moja, akizipima uzito kwa mkono. Iliyo nyepesi anairudisha ijazwe. Kisha anahesabu watu: kumi na mmoja. Anahesabu tena.

Mbele yao korongo limefunguka, jekundu, lenye nguzo za udongo zilizojitwika mawe bapa vichwani.

Kanana, 43, hutunza wazee katika makao fulani mjini Euless, karibu na Dallas. Jumamosi asipokuwa na zamu huwaongoza Waafrika wenzake kutembea huku nyikani, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka Dallas. Wengi ni wauguzi na watu wa maghala, wanaofanya kazi hata saa kumi na sita kwa siku. “Wiki nzima hawaoni mbingu,” asema.

Lakini Mei mwaka jana, nusura korongo limmeze mmoja wao.

Vital, mpakizi wa mizigo huko Garland, alianza kubaki nyuma saa tano. Joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini. Kanana aliona amekoma kunywa maji, akamuuliza hali. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: “Niko muzuri, dada.” Kanana akaendelea na safari.

Waliposimama kivulini, walikuwa kumi badala ya kumi na mmoja: Vital hakuwamo. Simu hazikushika mtandao. Alimwomba Sospeter, ambaye ni muuguzi, awafikishe wengine kwenye kituo cha walinzi wa hifadhi, waombe msaada, naye Kanana akarudi peke yake kumtafuta Vital. Aliita, miamba ikamrudishia sauti yake kutoka kila upande, na kila nguzo ilifanana na aliyoipita.

Baada ya dakika arobaini alimkuta ameketi chini ya jiwe, ngozi kavu, akizungumza na mamake aliyefariki zamani. Kanana alikuwa amebaki na maji nusu chupa. Alimlowesha shingo na kwapa, akampepea kwa kofia, asijue kama Sospeter amefika. Walinzi walitokea saa nzima baadaye.

Vital alilazwa siku nne, akapona. Kanana ndiye ambaye hakupona. Kwa miezi tisa hakukanyaga korongo. Hata kazini alirudi vyumbani mara tatu tatu kutazama kama wazee wanapumua.

“Kazi yangu ni kumtazama mtu nikajua anaumwa,” asema kwa sauti ya chini. “Nilimtazama Vital, nikajua, nikanyamaza. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu.”

Aliyemrudisha ni Vital mwenyewe. Alimpigia simu Februari, akamwambia njia ile hajaimaliza, na hataimaliza na mtu mwingine.

Leo Vital anatembea karibu na mwisho wa msafara, Kanana nyuma yake. Kila robo saa anamsimamisha na kumgusa mkono kuona kama jasho linatoka. Vital anaunyoosha mkono bila kuambiwa. Saa nne na dakika kumi wanafika mwisho wa njia, wote kumi na mmoja.

Oktoba, Kanana, Sospeter na mwenzao Wawira wataanza mafunzo ya huduma ya kwanza nyikani, ili kundi liwe na viongozi watatu.

“Tukihitimu, siku moja nitatembea mbele niione hii miamba wanayoipiga picha,” asema, macho yakiwa bado kwa kundi. “Mimi hadi leo naona migongo tu.”