Kabla Hujasema Programu Yako Ni Nzuri

Nakumbuka Ijumaa moja katika miaka ya tisini, mwanangu, nilipokuwa kijana niliyejifunza kompyuta peke yangu kwa vitabu vya mtumba. Nilikuwa nimeliandikia programu duka la dawa la Bi Zuhura, Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi majina ya wagonjwa na dawa zinazowadhuru. Bi Zuhura aliponiuliza kama ni nzuri, nilimjibu kuwa ni nzuri mno. Nilikuwa nimepima kwa saa ya mkononi jinsi inavyopata jina upesi.

Asubuhi hiyo mama mmoja wa Majengo alikuja kumwandikisha bintiye, Salma, ambaye huvimba koo akipewa penisilini. Athmani, muuzaji, akayaingiza maelezo kwenye kompyuta. Mara adhana ikasikika. Nyaya za nyumba zile kuukuu hazikuaminika, kwa hiyo kila mwenye duka alizima swichi kubwa ya umeme kabla ya kufunga mlango. Athmani akaizima.

"We! Programu haijafungwa!" nikapiga kelele, maana ilihifadhi maelezo pale tu ilipofungwa.

"Yakhe, sala haingoji mashine yako," akacheka, akavaa kofia.

Alasiri mama yule alirudi na karatasi ya daktari mgeni: Salma apewe penisilini. Athmani akalitafuta jina. Kwenye kioo yakatokea maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe yatokee kila programu inapokosa maelezo ya mtu: "Hakuna dawa inayomdhuru." Wateja wengi walikuwa wamemsahaulisha ya asubuhi; akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Si nimewaambia asubuhi?" mama akamaka. "Mwataka kuniulia mwanangu?"

Mkono ukarudi. Bi Zuhura akampigia daktari simu, dawa ikabadilishwa. Nikakaa juu ya kreti ya soda nikimshukuru Mungu kimyakimya.

Mama alipoondoka, Bi Zuhura alinigeukia. "Leo amekuja mwenyewe. Kesho akimtuma jirani asiyejua?"

Akaielekezea kompyuta kidole.

"Umepima upesi wake. Nani alikwambia nina haraka? Mimi nataka nilichoandika nikikute. Na kama haijui, iseme haijui."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na maana ya neno "nzuri" ninayoweza kuipima. Nikaiandika upya programu, kila jina lihifadhiwe papo hapo linapothibitishwa, na asiyejulikana aonyeshwe kuwa hajulikani. Kisha nikamwomba Athmani azime umeme apendavyo. Alifurahi kama mtoto wa Idi! Alizima katikati ya jina, akazima mara tu baada ya kuthibitisha, akazima hata nilipokuwa nikimweleza jambo. Kila umeme uliporudi, vilivyothibitishwa vilikuwapo. Bi Zuhura akamtafuta Salma, tuliyekuwa tumemwandikisha upya: yupo, na penisilini amekatazwa.

"Haya, sasa ni nzuri," akasema. Usiku ule nililala kama niliyetuliwa gunia.

Mwanangu, usijitungie peke yako maana ya ubora. Muulize atakayeitumia kazi yako anataka nini, na anaogopa nini zaidi. Majibu yake yageuze kuwa jaribio ambalo kila mtu ataona limefaulu au limeshindwa. Kisha lifanye palepale kazi itakapotumika, kwa mikono ya watumiaji na mazoea yao, hata yale yanayokukera. Upesi nao upime, lakini baada ya hayo.

Mungu akujaalie kazi ambayo watu wataitegemea wasidhurike, na kasoro zake akuonyeshe mapema, ungali na nafasi ya kuzirekebisha.