Bwana Saa Nne

Jina hilo alipewa na wenzake katika ofisi ya upimaji ardhi, wala si kwa heshima. Kila siku, ilipotimia saa nne asubuhi, alifunika darubini yake ya kupimia, akakunja miguu mitatu inayoibeba, akakaa kivulini hadi jua lipungue. Walimtania kwamba yeye na jua hawaivi chungu kimoja. Alijua kwamba lami ikishapata moto, hewa iliyo juu yake hupata moto pia ikawa nyepesi, na mwanga unaopita humo hupinda. Tarakimu za rula ndefu inayosimamishwa mbali hucheza, na azisomaye husoma uongo.

Jumamosi moja alivunja mwiko wake. Binti yake alikuwa ameahidi kufika mchana, mara ya kwanza tangu wamzike mama yake, na mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umebakiza vipimo sita. Mshika rula, ambaye kwa miaka tisa walizungumza kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno, aligonga kifundo cha mkono kwa mbali kumkumbusha saa.

"Wee shika tu, ndugu yangu," alimwitikia. "Leo nina mgeni."

Nyumbani alifagia, akapanga sahani mbili. Saa nane simu ikalia.

"Baba, unisamehe. Kazi zimenibana. Labda mwezi ujao."

"Haya, mwanangu. Kazi ni kazi."

Akakaa dirishani. Chini, barabara ilimetameta kana kwamba mtu amemwaga maji, na mwendesha baiskeli akapita juu ya dimbwi lile pasipo tairi kulowa. Lilikuwa anga tu, mwanga wake umepindishwa na joto. Alilitazama kitambo kirefu kabla hajazinduka: vile vipimo sita! Mteremko wa mtaro ulikuwa mdogo mno, na Jumatatu wachimbaji wangeanza kazi. Kosa la upana wa kidole lingerudisha maji vyumbani mwa watu.

Jumapili alitoka alfajiri, peke yake. Hakuwa na uso wa kumwondoa mshika rula kwa mkewe na watoto siku ya mapumziko. Aliifunga rula kwenye kigingi kirefu kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akatembea hatua themanini hadi kwenye darubini, akasoma, akarudi kuihamisha. Kila aliposoma aliinua mkono kuashiria sawa, kisha akaushusha polepole, maana hapakuwa na wa kuuona.

Vipimo vinne kati ya sita vilikuwa na kosa. Alivikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika vipya pembeni na kutia sahihi. Jua lilipoanza kugusa lami alifungua mpira, akaipangusa rula vumbi kwa kitambaa, kutoka juu hadi chini, akaikunja, akaifunga kamba.